Njia ya Julia Child au ya Jamie Oliver? Kwa kijana wa Mbeya anayetaka kuwa mpishi wa televisheni

Binti wa kaka yangu amemaliza kidato cha nne kule Uyole. Jioni moja alikuja kwangu Soweto, hapahapa Mbeya, akanikuta napeta mchele wa sherehe ya kesho yake, akavuta kigoda akakaa. Baada ya salamu na habari za nyumbani akasema, "Shangazi, nimeamua. Nataka kuwa mpishi wa kwenye televisheni."

Nikampa ungo wa pili tupete wote, kisha nikamwuliza, "Kwa njia ya nani?"

Hakulielewa swali, na sikumlaumu. Vijana wetu wengi humwona mtu akiwa ameshafika: aproni safi, jiko linang'aa, viungo vimepangwa kwenye vibakuli. Alikopitia hawakuoni. Mimi napikia harusi na misiba jijini Mbeya, mwaka wa kumi na nane huu, na siku nyingi nimefuatilia maisha ya wapishi wawili wa ng'ambo waliofika kwenye kamera kwa njia zisizofanana hata kidogo. Nawaweka hapa sambamba ili kijana wa Uyole, Mafinga au Tukuyu, na mzazi atakayelipa ada, wachague huku wakijua wanachochagua.

Walikoanzia

Julia Child alizaliwa mwaka 1912 huko Pasadena, California, katika familia yenye nafasi, nyumba ambayo chakula kilipikwa na mtu wa kuajiriwa. Alihitimu Smith College mwaka 1934. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliajiriwa na idara ya ujasusi ya Marekani, akapelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha China. Katika kazi hiyo alikutana na Paul Child, wakaoana mwaka 1946. Alikuwa na miaka 34 na kupika bado kulikuwa kunampiga chenga. Mwaka 1948 mumewe alipata kazi Paris. Njiani kuelekea huko walisimama Rouen kula mchana, wakaletewa samaki wa siagi, na mlo huo mmoja ukamwonyesha kwamba alikuwa hajawahi kula. Mwaka uliofuata alijiandikisha katika chuo cha mapishi cha Le Cordon Bleu, darasa moja na Wamarekani waliotoka jeshini.

Jamie Oliver alizaliwa mwaka 1975, Essex nchini Uingereza, na kukulia kijiji cha Clavering. Wazazi wake waliendesha baa yenye jiko la chakula, na yeye tangu utotoni alikuwa humo jikoni akimenya viazi. Darasani aliteseka kwa sababu ana disleksia, hali inayofanya kusoma kuwa kazi nzito. Akaacha shule na miaka 16, akaenda chuo cha upishi cha Westminster, London, kisha akaingia kazini: kwanza kwenye mgahawa wa Antonio Carluccio, alikokutana na Gennaro Contaldo, ambaye hadi leo anamwita mwalimu wake, halafu River Café, jiko la Rose Gray na Ruth Rogers. Mwaka 1997 watu wa televisheni walikuja pale kurekodi habari za mgahawa, wala si habari zake. Yeye alikuwa anapika tu, anajibu maswali huku mikono haisimami. Kipindi kilipoonyeshwa, simu zikaanza kumtafuta. Mwaka 1999, kabla hajatimiza miaka 24, akawa na kipindi chake BBC.

Julia alianza kipindi chake Februari 1963, akiwa na miaka 50. Mmoja aliingia na umri ambao kwetu mtu ana wajukuu. Mwingine na umri wa kijana anayetafuta chumba cha kupanga.

Shule au jiko

Wazazi hukwama hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Julia alisoma kwanza, akafanya kazi baadaye. Aliweza kwa sababu nyumbani kulikuwa na mshahara wa mume na hakuna aliyekuwa anasubiri fungu lake la mwisho wa mwezi. Hata mtihani wa chuo aliufeli mara ya kwanza, akarudia, na kurudia huko hakukumnyima mtu chakula. Jamie alipofika chuoni mkono wake ulikuwa umeshazoea kisu. Chuo kilimpa majina ya vitu na sababu zake: kwa nini mchuzi unakatika, kwa nini nyama hupumzishwa baada ya kutoka motoni.

Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi lisiwe "chuo gani kizuri". Liwe hili: kijana wangu ameshapika mara ngapi kwa watu ambao si ndugu zake? Kama hajawahi, chuo kitakuwa mahali pa kujifunza kumenya viazi kwa ada. Niliwahi kumpokea msichana mwenye cheti cha mwaka mzima kutoka chuo kimoja, nikamwekea ndoo ya vitunguu saa kumi na moja alfajiri. Kufika saa mbili alikuwa hajamaliza robo, na machozi hayakuwa ya vitunguu peke yake. Hakuwa mvivu. Darasa lao wanafunzi arobaini walikuwa wanazunguka majiko mawili, na wiki nyingi yeye alisimama nyuma akiandika.

Chuo nakiunga mkono. VETA wana chuo chao cha hoteli na utalii pale Njiro, Arusha, na Chuo cha Taifa cha Utalii kipo Dar es Salaam. Kuna na vyuo vidogo huku Nyanda za Juu Kusini. Kabla ya kulipa, nenda mwenyewe, tena siku ya masomo, uulize mambo matatu: jiko moja linatumiwa na wanafunzi wangapi, kwa wiki wanapika siku ngapi, na fildi wanapelekwa wapi. Ukionyeshwa jengo jipya na bendera ukanyimwa kuonyeshwa sufuria zilizoungua, rudi nyumbani na pesa yako.

Kwa kijana wa kidato cha nne asiye na mtu wa kumlipia miaka miwili, njia ya Jamie ni ya haki zaidi. Jiko la sherehe Mbeya ni chuo. Kwa Jumamosi moja yenye wageni mia tatu atachambua, atapima, atakaanga, atasikia mpishi mkuu akikadiria kilo moja ya mchele kwa watu saba, ataona wali wa Kyela ukiiva kwa maji machache kuliko mchele wa zamani uliokauka ghalani. Malipo ni madogo, ila anarudi nyumbani na nauli, chakula na ujuzi, siyo deni.

Kalamu na majaribio

Hapa napindua maneno yangu, maana hapa Julia anawazidi wote.

Baada ya chuo alikutana na wanawake wawili wa Kifaransa, Simone Beck na Louisette Bertholle, waliokuwa wanaandika kitabu cha mapishi ya kwao kwa ajili ya Wamarekani. Akajiunga nao. Kazi hiyo ilikula karibu miaka kumi. Mumewe alihamishwa Marseille, akahamishwa Ujerumani, akahamishwa Norway, na kila walikohamia sufuria na karatasi vilifuatana naye. Kila pishi alilirudia kwa nyama, unga na siagi ambavyo mama wa nyumbani wa Marekani angevikuta dukani kwake. Mchapishaji wa kwanza alikikataa kitabu. Kilitoka mwaka 1961 kwa mchapishaji mwingine, kikiwa na kurasa zaidi ya mia saba. Baadaye, alipotaka kuwafundisha Wamarekani mkate mrefu wa Kifaransa kwa unga wao na oveni zao za kawaida, yeye na mumewe walitumia zaidi ya kilo mia moja za unga kwa majaribio peke yake.

Kwa nini nalisema hili kwa mtu wa Mbeya? Kwa sababu ya maharage.

Miaka yangu ya mwanzo niliyapika kwa vipimo nilivyofundishwa na mama mmoja wa Tanga, mpishi hodari, aliyenipa kila kitu kwa saa na vikombe. Kwenye send-off moja ya watu mia mbili nikaweka maharage ya njano jikoni muda uleule alioniambia. Wageni wameketi, pilau tayari, maharage bado yanagonga meno. Nilijilaumu kwa siku nyingi nikidhani nilidanganywa sokoni. Haikuwa soko. Mbeya ipo juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokandamiza maji kidogo zaidi, yakachemka mapema. Tanga maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Hapa yanachemka kwenye nyuzi kama 94. Sufuria inatokota, macho yanaona moto mkali, lakini ndani joto halijafika lilikofika Tanga, na kuni ukiongeza utapoteza maji tu, joto halipandi. Dawa yake ni kuloweka usiku kucha, kufunika vizuri kwa mfuniko mzito, au kutumia presha kuka, na kuongeza muda. Kule Njombe, kulikoinuka zaidi, tatizo ni kubwa zaidi. Unga wa hamira nao huumuka haraka huku juu, na asiyeuwahi hupata mkate unaobonyea katikati.

Hebu fikiria: vipindi vya mapishi tunavyoviona vingi hurekodiwa Dar es Salaam, au nchi za mbali kabisa. Nani ameketi akaandika muda wa maharage kwa mama wa Makambako? Nani amepima viazi vya Umalila, kipi kinafaa chipsi na kipi kinapondeka kwa rojo? Nani ametuandikia mbalaga, pishi la ndizi la Wanyakyusa, kwa kipimo ambacho mtu wa Morogoro anaweza kukifuata, au uyoga wa porini wa Mufindi: upi unaliwa, unasafishwaje, unakaushwaje ukafika kiangazi? Kazi hiyo ipo wazi kabisa, inamsubiri mtu mwenye subira ya Julia. Daftari, mizani na saa. Haihitaji Paris.

Jamie kwa upande wake alipata shida na kalamu, akawa anasema mapishi yake kwa sauti kwenye kinasa sauti, wengine wanayaandika. Kijana ambaye shule ilimwacha njiani alisikie hilo vizuri. Simu yake ina kinasa sauti. Akishuka jikoni aseme: leo mchele kilo kumi, maji kiasi hiki, moto wa mkaa, maji hayakutosha, nimeongeza vikombe viwili. Kusema huko nako ni kuandika.

Mbele ya kamera

Julia alifika kwenye televisheni ya umma ya Boston kuzungumzia kitabu chake katika kipindi cha vitabu. Badala ya kuongea tu, alikwenda na jiko dogo la umeme akakaanga mayai ya kimanda palepale. Watazamaji wakaandika barua kuomba arudi. Ndipo kituo kikampa kipindi. Kilirekodiwa karibu bila kukatwa, kwa hiyo makosa yalibaki. Kuna siku aligeuza viazi kwenye kikaango kwa kuvirusha, nusu vikaangukia juu ya jiko. Akavirudisha kikaangoni akaendelea, akiwaambia watazamaji kwamba jikoni uko peke yako, nani atakuona. Mwanamke wa urefu wa karibu mita 1.88, sauti yake ya juu ya pekee, hakujaribu kuwa mtu mwingine.

Jamie alikuja na kasi: anararua majani ya kotimiri kwa mkono, anakamua limau bila kupima, marafiki wanabisha hodi. Vijana wa kiume waliokuwa wanaona jiko ni la dada zao walianza kupika.

Kwa simu janja ya leo mtindo wa Jamie unavutia zaidi, naukubali. Lakini kwa mtazamaji anayetaka kupika kesho, mwalimu ni Julia, kwa kuwa alionyesha pale panapoharibika na namna ya kupaokoa. Wa kwetu wengi hukata kipande kile kabla ya kurusha video. Tafadhali msikikate.

Pesa, na maisha baada ya umaarufu

Julia hakumiliki mgahawa. Aliishi kwa vitabu na vipindi, na alikataa kutangaza bidhaa kwa malipo, ili mtu akimsikia anasifu kisu ajue anakisifu kwa kuwa ni kikali. Alifanya kazi hadi uzeeni, akafariki Agosti 2004, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 92. Jiko lake la nyumbani, pamoja na sufuria zilizoning'inizwa ukutani, lipo katika makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Jamie alichagua kukua. Alitangaza duka kubwa la Sainsbury's kwa miaka 11. Mwaka 2002 alifungua mgahawa London wa kuwafundisha kazi vijana kumi na watano wasio na ajira, na kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko kipindi chochote alichofanya. Mwaka 2005 aliingia majiko ya shule za Uingereza akaonyesha wanachokula watoto. Watu zaidi ya 270,000 walitia saini ombi lake, na serikali ikaahidi pauni milioni 280 kwa chakula cha shule. Mwaka 2008 akaanza migahawa ya Kiitaliano kutoka Oxford, ikaenea nchi nzima. Mei 2019 kampuni ya migahawa ikaanguka, ikafunga 22 kati ya 25 iliyobaki, watu wapatao 1,000 wakapoteza kazi, ingawa alikuwa ameshamimina humo mamilioni ya pauni ya kwake. 

Kodi ya pango haiangalii umaarufu. Mtu mwenye watazamaji laki moja akifungua mgahawa Mwanjelwa, mteja wa siku ya tatu hatakuja kwa sababu ya video. Atakuja kama supu ya asubuhi ipo saa kumi na mbili na bei haijapanda. Kupika, kurekodi na kuendesha mgahawa ni kazi tatu. Jamie anazijua mbili za kwanza kuliko karibu kila mtu aliye hai, na ya tatu ilimlemea ilipokuwa kubwa.

Vipi kuhusu Gordon Ramsay?

Wananiuliza sana, hasa wavulana. Yule Mskoti alitaka soka akaumia goti, akasomea hoteli, akakaa majiko magumu ya London na Paris kwa miaka, na mwaka 2001 mgahawa wake wa London ukapata nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la migahawa. Televisheni ilimkuta ameshaiva. Kama unampenda, chukua miaka ile ya Paris. Kelele anazowapigia wapishi kwenye televisheni ziache kulekule, maana wasaidizi wa jiko la sherehe Mbeya ni mama zetu na wadogo zetu, na aliyetukanwa Jumamosi haji Jumamosi ijayo.

Ningemshauri nani nini

Kijana wa miaka 17 hadi 22 asiye na fedha, mwenye afya na mikono inayotaka kazi: Jamie. Aingie jiko la sherehe, au la hoteli ikimpokea, akae humo miaka miwili kabla ya cheti. Cheti kikifika kitakuta mahali pa kukaa. Achague jiko lenye mpishi anayeeleza, hata kama malipo yamepungua kidogo.

Mwalimu, muuguzi, karani, mama mwenye watoto waliokwishakua, mstaafu anayependa kupika na ana pato lingine: Julia, bila kusita. Umri wake si kikwazo. Achague eneo moja dogo, mathalani samaki wa Ziwa Nyasa wanaoletwa Kyela, au parachichi la Rungwe na Njombe ambalo tunalisafirisha kwa wingi na kulila kwa namna mbili tu, alipike na kuliandika hadi aliishe.

Mwenye mtaji ambaye hajui kupika, anataka jina: asichague hata mmoja. Aajiri mpishi na amheshimu.

Na kwa wote, simu ije mwisho wa mwaka wa kwanza, si mwanzo. Nasema hivi nikijua wengi hawatanisikia, kwa kuwa bando ni rahisi kuliko mkaa. Lakini mtazamaji wa Iringa ana mama na bibi wanaopika. Ndani ya dakika moja atajua kama mkono ulioshika mwiko umeushika jana.

Binti wa kaka yangu alisikiliza hadi mchele ukaisha. Aliuliza jambo moja tu: "Shangazi, haiwezekani nianze na Jamie, daftari likawa la Julia?" Nikamwambia kesho saa kumi na moja alfajiri awe amefika, nywele zimefungwa, kucha fupi.

Alifika saa kumi na nusu. Nilimpa maharage, sado tatu za njano yaliyolowa usiku, sufuria kubwa na mafiga yake mwenyewe. Asubuhi nzima sikumsogelea. Saa tano nilipopita kuchukua chumvi nikaliona daftari la shule limelazwa juu ya ndoo, limefungwa nailoni lisiloe, ukurasa wa kwanza kwa mwandiko wa penseli: *Yametokota saa 12 na dakika 50. Saa 2 bado magumu. Saa 3 ganda limelegea, ndani bado. Shangazi amepita, hajasema kitu. Saa 3 na dakika 40 nimeonja matano, manne yameiva.*